Kutwanga Maji

Saa tisa alasiri, Agosti, Al-Khoudh,
umeme ukakatika.
Kiyoyozi kikakohoa mara moja, kikanyamaza,
na sote tukagundua kuwa mwaka mzima
tulikuwa tukizungumza kwa kupiga kelele.
Nje, nyuzi arobaini na saba.
Ndani, joto lilianza kubisha hodi.

Baba alikaa Fahud miaka thelathini na mmoja,
msoma shinikizo la mabomba.
Kabatini, kati ya vikombe vya kahawa,
ana kichupa cha dawa ya kikohozi
kilichojaa mafuta ghafi ya kisima cha kwanza
alichokifungua kwa mkono wake.
"Hiki ndicho kilichokusomesha, Ghaniya,"
akasema, na hakuna aliyemuuliza.
Kweli. Ada yangu ilitoka ardhini, nyeusi,
pipa kwa pipa,
nikaenda Korea kujifunza namna ya kuliacha pipa.

Ofisini wanataka maoni yangu:
tujenge, tusijenge, au tungoje.
Kurasa kumi na mbili.
Nimeandika kumi na moja.

"Nasikia mwataka kujenga kinu," Mama akasema,
akijipepea kwa bili ya umeme.
"Kinu mimi ninacho."
Anacho. Cha mfenesi, kutoka Wete,
kilivuka bahari kimeviringishwa ndani ya godoro.
"Hicho chenu kitatwanga nini?"

Nikamwambia: chembe, Mama, isiyoonekana,
hupasuliwa, ikapasua jirani yake, naye jirani yake;
joto lao huchemsha maji,
mvuke ukasukuma mtambo,
taa zikawaka bila moshi.
Akafikiri.
"Na pumba zake?"

Kwa profesa nilijibu swali hilo kwa Kiingereza
na nikapata alama nzuri.
Kwa Mama nilitazama sakafu.
Pumba za mpunga hupewa kuku.
Hizi hazipewi kiumbe.
Hulazwa majini miaka, kisha chumani, kisha sarujini,
kisha ndani ya mlima
ambao hatujauomba ruhusa.
"Akiba haiozi," Baba akacheka.
Ndiyo shida yake, Baba. Haiozi.

Naye hakumaliza:
"Na urani mtainunua kwa nani?
Leo sisi ndio wenye duka.
Kesho tutasimama foleni na ndoo yetu
mlangoni kwa mtu."
Nikamjibu kwamba duka linakwisha bidhaa.
Akakitazama kichupa.
Hakusema kitu, na mimi nilitamani
nisingesema.

Muhenna, kaka yangu, akataja jua:
linatuunguza bure, kwa nini lisilipe kodi?
"Jua lako hulala magharibi," Mama akasema,
"mimi joto hili huniamsha saa nane za usiku."
Kisha akaenda kutia udhu.

Bomba likatema hewa, tone moja, hewa.
Pampu nayo hula umeme.
Hapo ndipo tulipokaa kimya kweli.
Nchi hii haina mto.
Maji yetu ni bahari iliyovuliwa chumvi kwa nguvu,
na kila ndoo imechomewa gesi
mahali fulani, na mtu tusiyemjua.

Mama akarudi na mikono mikavu.
"Wahenga walimcheka anayetwanga maji kinuni."
Akaketi.
"Wao walikuwa na mvua."

Saa kumi na dakika arobaini umeme ukarudi.
Friji ikatetemeka, mtaa mzima ukashusha pumzi,
Baba akasema alhamdulillahi
akakirudisha kichupa nyuma ya vikombe,
mbali kidogo kuliko kilipokuwa.
Hakuna aliyeuliza umeme huo umetoka wapi.

Usiku nilifungua ukurasa wa kumi na mbili.
Nikaandika kichwa: Taka.
Nikakifuta.
Nikaandika: Pumba.
Nikakaa nikikitazama,
kiyoyozi kikinguruma juu ya kichwa changu,
kinu cha Mama pembeni mwa mlango,
kikavu,
na mchi ndani yake.